Sinia la Mama Adhieu

Mama Adhieu hakujua Kiingereza hata kidogo, na ndiyo sababu neno lake juu ya filamu za kutisha lilipita la walimu.

Mwaka wa 2012 alikuwa akiuza chai ya rangi hapa Kakuma mjini, mlangoni pa ukumbi wa video wa Lomorukai. Ukumbi ni jina tu. Ni mabati pande zote, mabenchi, televisheni moja, na jenereta inayokohoa nyuma ya ukuta. Vijana walikuwa wamechoka na filamu za ngumi, wanataka za kuogopesha, na Lomorukai alikuwa akizifuata Lodwar kila mwezi. Lakini nyingine alizoleta, watu waliingia wakasinzia. Ndipo akapata wazo la kuonja filamu kabla ya kuiandaa, kama mpishi anavyoonja mchuzi.

"Hapa kuna Msomali, kuna Mkongo, kuna Dinka, kuna sisi Waturkana," alisema. "Kizungu ni cha wachache. Ikimtisha mtu ambaye hasikii neno hata moja, itatisha wote."

Mwonjaji wa kwanza nilikuwa mimi. Hilo wengi wamelisahau. Nilikuwa nimeuza mandazi mahali pale miaka minne kabla Mama Adhieu hajaweka jiko lake. Lomorukai aliniingiza ndani asubuhi moja, akaweka filamu. Muziki ulipoanza kunguruma nilijifunika leso usoni, nikaomba mpaka ikaisha. Ya pili nikafanya hivyo hivyo. Ya tatu waliniambia baadaye ilikuwa ya watoto, na mbwa anayeongea.

"Mama Akuwam," Lomorukai akacheka, "wewe hata katuni inakutisha! Mtu ambaye kila chakula kwake kina chumvi hawezi kuonja."

Akamgeukia Mama Adhieu. Yeye akasema hawezi kuacha kazi. Basi akaingia na kazi yake: birika, sinia, na vikombe sita. Alikuwa mkimbizi wa Kidinka, mwanamke mrefu, mtaratibu, na alimimina chai kutoka juu, uzi mwembamba, bila kutazama kikombe, akikijaza pomoni. Filamu ikienda, yeye anamimina, anarudisha kwenye birika, anamimina tena. Ilipoisha Lomorukai akaja kutazama sinia, kama woga ulimwagisha chai. Lilikuwa kavu kama laga, ule mto wetu wa msimu, mwezi wa pili. Akaikataa ile filamu.

Tangu siku hiyo hakuuliza maneno. Aliangalia sinia tu, akaandika kwa chaki kwenye ubao wa nje: KAVU, au NUSU, au IMELOWA. Ikiandikwa IMELOWA, watu walijaa mpaka wengine wanachungulia kwenye matundu ya misumari.

Baada ya hapo watu walitaka pia kusikia maoni yake. Walimzunguka pale kwenye jiko, na mandazi yangu yakapoa.

"Hizi kubwa za Wazungu," alikuwa akisema, "zinapiga kelele kabla kitu hakijakuja. Mtu akikupigia kelele sikioni unashtuka, lakini hujaogopa. Kushtuka kunaisha hapo hapo. Kuogopa unaenda nako nyumbani."

"Na ile ya damu, Mama?" vijana wanauliza.

"Damu nyingi ni kama sukari nyingi. Chai yenyewe huisikii."

Filamu nyingi zilikuwa za nyumba kubwa yenye pepo, na hizo alizichukia. "Nyumba ina vyumba sita, mlango uko pale, na hao watu hawatoki! Mimi nilitoka kwangu na watoto wawili kabla maji ya ugali hayajachemka, na halikuwa zimwi, ilikuwa bunduki tu. Hao hawajui kutoka. Nitawaogopeaje?"

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Mimi nilisonga unga wangu. Filamu ndogo alizipenda zaidi, zile za watu watatu na kamera moja, hata picha ikiwa mbaya. Alisema maskini hana kelele za kununua, kwa hiyo inabidi afikiri. Hilo nalo walilicheka, wakalibeba mpaka kambini kwa wakimbizi.

Mwezi wa tatu 2013 nilikwenda Lodwar kwa kongamano la akina mama wa kanisa. Nilikuwa nimepewa kuongoza maombi ya asubuhi, na nilijiandaa wiki mbili. Nilipomaliza, mama mmoja aliyekuwa akisuka mkeka wa mkoma alinishika mkono. Nikajua atanishukuru.

"Ejok, mama. Unatoka Kakuma?"

"Ejok-noi. Ndiyo, Kakuma."

"Unamjua yule mama wa sinia? Kijana wangu ana ukumbi hapa, humpigia Lomorukai simu kila wiki kuuliza sinia linasema nini."

Nilisema namjua kidogo. Kidogo! Mtu ninayekaa naye goti kwa goti kila siku, anayenipa chai ya kwanza asubuhi na kukataa pesa yangu. Njiani kurudi, juu ya lori, nilimwomba Mungu aniondolee kile kitu kifuani. Lakini nataka kusema kweli: niliomba kwa mdomo, na mkono ulikuwa umekishika.

Bado ningeweza kuvumilia, kama si Akuwam.

Akuwam ni binti yangu wa pekee. Alikuwa na miaka ishirini, amejifunza cherehani, kisha akajiunga na vijana wa kambini waliokuwa wakifundishwa kupiga picha za video. Nilimwambia hizo ni kazi za giza. Hakubishana nami. Aliacha tu kuniambia habari zake, akawa anampelekea Mama Adhieu. Niliwaona kila jioni, vichwa vimekaribiana juu ya moshi wa jiko. Siku moja nikasikia akimwambia, "Mama, na kama hawaoni kinachowafuata?"

Mama. Si "Mama Adhieu". Mama.

Mwezi wa saba wakamaliza filamu yao, dakika kumi na nane, yeye na kijana mmoja wa Kinuer anayeitwa Reath aliyeshika kamera. Lomorukai akawaambia wazi, "Hakuna upendeleo. Sinia ikilowa, naiweka Jumamosi na Jumapili, na Lodwar nawatumia. Ikikauka, mrudi kwa cherehani." Akuwam hakulala wiki ile. Alikuwa amempa Mama Adhieu siri zote isipokuwa filamu yenyewe, kwa sababu mwonjaji haonyeshwi kabla.

Ilionjwa Jumamosi saa nne asubuhi. Lomorukai alikuwa nyuma na jenereta. Akuwam na vijana wenzake walisimama juani, ng'ambo ya barabara, chini ya mti wa mathenge usio na kivuli. Mimi nilikaa na karai langu na sikusikia kitu ila jenereta. Mlango ukafunguliwa. Mama Adhieu akatoka, akanipita bila kuniona, akaenda moja kwa moja kwenye bomba kunawa uso.

Niliingia ndani na mandazi ya Lomorukai, kama kawaida yangu. Sinia lilikuwa kwenye benchi. Chai ilikuwa imejaa kote, vikombe vimesimama ndani yake kama kuku kwenye mafuriko, mpaka benchi lilikuwa linadondosha. Sikuwahi kuona hivyo.

Nilipaswa kupiga vigelegele. Mtoto wangu! Lakini nilichoona mbele yangu ni Akuwam akikimbia kuvuka barabara, na shingo anayoirukia si yangu. Nilifungua leso kiunoni. Nikapangusa sinia, nikapangusa benchi, nikapangusa vitako vya vikombe kimoja kimoja. Nikajifunga leso tena, upande uliolowa ukiwa ndani. Chai ilikuwa bado ya moto kwenye paja langu.

Lomorukai akaingia. Akainama. Akapitisha kidole.

"Kavu," akasema, na nilimwona amesikitika. Akatoka akaandika.

Mama Adhieu alirudi na kukuta ubao umeshaandikwa. Akautazama, akaingia, akatazama sinia, kisha akanitazama mimi. Akuwam alikuwa amefika mlangoni.

"Haikukutisha hata kidogo?" akamwuliza. Sauti ilikuwa ya mtoto.

Mama Adhieu akaokota birika. "Khalas, basi," akasema. "Sinia ndiyo inasema. Mimi sisemi."

Akuwam akampita. Akaja kwangu, akalaza kichwa begani mwangu mbele ya watu wote, akalia. Mwaka mzima nilikuwa nimeitamani siku hiyo. Nilimpapasa mgongo, na nilifurahi. Ndiyo, nilifurahi.

Tulipobaki wawili, Mama Adhieu akapuliza makaa yake. "Nzi wanapenda leso yako leo, dada," akasema. Nilitazama chini. Sukari ilikuwa imewaita, wamejaa pajani mwangu mote. Akanimiminia chai, na siku hiyo pia akakataa pesa.

Jioni, kabla jua halijatua, Akuwam hakula. Alikuwa na simu mkononi.

"Kesho nafuta," akasema. "Nimemwambia Reath naye afute."

"Ilikuwa inahusu nini hata?" Nilikuwa sijawahi kumwuliza.

"Msichana yuko kwenye foleni ya maji. Madebe yamepangwa, na moja halina mwenyewe. Kila siku linasogea karibu na lake. Na kuna mtu anamwita kutoka kwenye laga."

"Nani?"

Akabonyeza simu. Ikatoka sauti ya mwanamke, mbali, yenye upole, "Akuwam!" Kisha kimya. Kimya kirefu.

Mwili ulinisisimka mpaka kwenye nywele. Ilikuwa sauti yangu.

Mama yangu alinifundisha, nami nilimfundisha Akuwam tangu akiwa hajajua kukimbia: mtu usiyemwona akikuita mara moja, usiitike. Ngoja ya pili. Mtu wa kweli huita mara mbili, kile kingine huita mara moja. Na mimi maisha yangu yote nimemwita mara mbili, mbili, hata nikiwa na hasira.

"Nilikurekodi ukiniita nije kula," akasema. "Nikakata ya pili. Kwenye filamu yote unaita mara moja moja. Nilidhani hakuna kitu cha kutisha kama hicho." Akafuta macho. "Labda kinanitisha mimi tu."

Nilitoka nje nikasimama karibu na ua. Sikuweza kuomba. Leso ilikuwa imekauka, ngumu kama ngozi, na nilikuwa bado nimeivaa.

Jumapili baada ya ibada nilimkamata Akuwam mkono, nikamwambia usifute kitu, nifuate. Tukamkuta Lomorukai anafagia ukumbi, na Mama Adhieu anawasha moto.

"Lomorukai, sinia lilikuwa limelowa. Nilipangusa mimi."

Akaegemea ufagio, akacheka kwa huruma. "Mathe, wewe ni mzazi. Mzazi angesema hata jenereta ililia."

"Nimetoka kanisani sasa hivi. Nitakudanganya?"

"Kwa mtoto? Utanidanganya, na Mungu atakusamehe."

Nilifungua leso nikamwonyesha doa. Lilikuwa kubwa kama ramani. Akasema mama yeyote mwenye leso ana doa la chai. Nilikuwa natoa dhambi yangu nzito kuliko zote, na hakuna anayeitaka! Akuwam naye alinitazama, na nikaona yeye ameshaamini.

"Kwa nini, mama?" akauliza polepole.

Ningeweza kusema shetani. Nikasema, "Kwa sababu huyu unamwita Mama."

Hapo Mama Adhieu akaweka birika chini. "Lomorukai, futa ubao. Sinia ililowa. Ile sauti iliponyamaza, mimi nilimwaga birika yote."

"Sasa jana mbona ulinyamaza?"

"Nilitaka aje mwenyewe. Kama asingekuja leo, kesho ningesema. Mtoto hangoji zaidi ya hapo."

Lomorukai akatutazama sote watatu, akapiga mluzi, akaenda kufuta KAVU kwa kiganja.

Akuwam hakunisemesha mpaka Jumatano. Alipika, aliniwekea chakula, akaniambia "karibu" kama mgeni. Alhamisi asubuhi akaniuliza chumvi iko wapi, na nikashukuru kwa ile chumvi.

Jumamosi niliingia ukumbini kwa mara ya kwanza na uso wazi. Mabenchi yalijaa, watu walikaa mchanga. Lile debe liliposogea nilishika magoti. Sauti yangu ilipoita kutoka kwenye laga, ukumbi wote ukanyamaza, na mzee mmoja wa Kisomali nyuma yangu akasema kwa Kiswahili, "Usiitike, binti!" Sikufumba macho. Nilitamani sana kuita ya pili.

Mwishoni maandishi yakapanda polepole, ya kushukuru watu. Jina la kwanza lilikuwa la Mama Adhieu. La pili lilikuwa langu, Atiir, na neno moja, sauti.

Watu walipiga makofi. Mama Adhieu, ambaye hajui kusoma, akaniinamia sikioni. "Wameandika nini pale, dada?"

Nilikaa kidogo na lile jibu mdomoni. Angejuaje?

"Jina lako," nikamwambia. "Liko juu ya langu."