Tunda Tulilolizika Dunga

Asubuhi ile niliunguza uji, na mume wangu Okumu akanicheka. Alikuwa fundi wa mashua, na miaka hiyo ya sabini tuliishi Majanji, kando ya ziwa upande wa Uganda, kwa kuwa huko kazi haikukosekana.

"Akinyi, hii uji inanuka moshi mpaka Kisumu wanasikia," alisema, kisha akaomba bakuli la pili.

Hakulimaliza. Askari wa Uganda waliokuwa wakishindwa vita waliingia ufukweni wakitaka mashua za kutorokea.

Okumu alinisukuma ndani ya mashua ya jirani.

"Enda. Nakuja na ile ingine."

Risasi zikalia. Nilimwona akishika ubavu, akaanguka majini.

Jirani hakuacha kupiga kasia.

Nilifika kwa wakwe zangu, Dunga, karibu na Kisumu, bila hata viatu. Wanaume walizunguka ufuo wote wa upande wetu wakiuliza wavuvi, wakarudi mikono mitupu. Kwetu Wajaluo, mtu akipotelea ziwani na mwili usipatikane, huzikwa yago mahali pake, lile tunda refu la mwegea, ili roho yake isizurure. Baba mkwe alingoja mpaka akachoka kungoja. Tukalifunga yago kwa shati la Okumu, tukalizika upande wa kulia wa nyumba yake. Ng'ombe alichinjwa, nami nikanyolewa nywele. Nililia juu ya tunda kama mwendawazimu, na sitaficha kwamba baada ya hapo nililala usingizi.

Nywele zangu zilikuwa bado fupi asubuhi aliposimama nje ya geti.

Alikuwa mifupa mitupu, ameegemea fimbo. Wavuvi wa upande wa Uganda walikuwa wamemwokota na kumficha mpaka vita vikapita, ila jeraha la ubavuni lilikuwa limeoza. Niliisikia harufu yake kabla sijaamini macho yangu.

Nilikimbia. Baba mkwe akanizuia kwa fimbo yake.

"Simama hapo, mama. Huyu tulishamzika."

Mtu aliyekwisha kuzikwa haingii nyumbani, wala mkewe hamgusi, mpaka atakaswe kwa dawa ya miti. Aliyeijua dawa hiyo alikaa Nyamasaria. Shemeji mmoja alitumwa kumwita, mwingine akakimbilia mjini kutafuta gari la hospitali. Baba mkwe hakuwa mtu mbaya. Aliogopa kwamba tukikosea, kifo kitaingia pamoja na mwanawe na kutumaliza sote.

Okumu alijilaza nje ya ua. Nikakaa ndani, miti ya ua ikiwa katikati yetu, mkono wake karibu kabisa na wangu.

"Akinyi. Nywele yako ilienda wapi?"

"Nilikuzika, baba."

"Mlinizika vizuri?"

"Vizuri. Hata ng'ombe ilichinjwa."

"Na uji, kuna?"

Nilikwenda kupika. Nilikoroga kwa uangalifu wote niliokuwa nao, nikaupoza, nikausukuma chini ya ua kwa kijiti. Hakuugusa. Nilimwita, nikamwita tena. Macho yake yalikuwa wazi, yananitazama.

Gari lilifika. Mzee wa Nyamasaria akafika na mizizi yake kwenye mfuko. Hapo hapakuwa tena na lililokatazwa, maana maiti ina mahali pake. Geti lilifunguliwa wazi, Okumu akaingizwa nyumbani kwake. Walipolifukua yago, shati lilikuwa limeoza na tunda bado gumu. Wakamlaza palepale. Mkono wake niliupata ukiwa baridi, nikaushika mpaka wakaniambia inatosha.

Haikutosha. Watu husema vita viliisha, na wengine walirudi Majanji kufanya kazi. Mimi sijui viliisha lini. Nilimpoteza mume mmoja mara mbili, na mara ya pili hapakuwa na askari wa kulaumu.

Sasa mtu yeyote wa nyumbani kwangu akirudi, hata kama alitoka sokoni Kondele tu, mimi hutoka mpaka nje ya geti, nikamshika mkono kabla hajasema neno. Wajukuu huona ni uzee.