Shikamoo Mlangoni pa Stoo

Mimi ni mwalimu mstaafu, na maisha yangu yote nimeukemea uvumi. Hata hivyo niliwakataza wapangaji wangu wa Majengo kuweka sola juu ya bati, kwa kuwa nilisikia, sikumbuki wapi, kwamba huita radi.

Jioni moja wiki iliyopita umeme ulikatika. Chini ya mlango wa stoo, tuliyoifunga tangu tumzike mama, ukatokeza mwanga mweupe usiotikisika. Kisha cherehani ikaanza kulia. Mpangaji wangu Mama Neema hushona, lakini nani hushona gizani? Cherehani ya marehemu ilikuwa humo stoo.

Nikachota kata ya mbege, pombe yetu ya ndizi, nikaimimina kizingitini kama alivyofanya baba yangu, nikapiga magoti.

"Shikamoo, mama. Unataka nini kwetu?"

Cherehani ikanyamaza.

"Mwalimu, usiniamkie, utaniletea laana!" ikajibu sauti kutoka chumba cha jirani, juu ya ukuta usiofika kwenye bati. "Ni mimi, Mama Neema. Namalizia magauni ya kipaimara. Taa hii ya sola huianika nyuma ya choo usiione."

Nilibaki magotini, mbege ikinilowesha suruali.

"Ila kwa kuwa umeuliza," akaongeza kwa upole, "nataka kuweka sola juu ya bati."