Mnavu wa Mafuta

Daktari wa pale Same alisema mama hana damu ya kutosha. Mbali na vidonge, ale maharage na mboga za majani kila siku, na akirudi kupimwa ikaonekana damu haijapanda, atalazwa. "Ni chakula chepesi, unapika dakika chache tu," aliniambia, kama mtu ambaye hajawahi kuchemsha maharage tangu azaliwe.

Sikubishana. Maharage nilikuwa nayabandika alfajiri kabla sijaenda kazini, na jioni kazi ikawa nyepesi kweli: kitunguu, nyanya, maharage, kisha mnavu uliochambuliwa, nafunika kidogo, naipua. Mnavu walituletea akina mama waliokuwa wakishuka nao kutoka milimani. Mafuta nayo yalikuwa yamejaa madukani. Miaka ya foleni tulikuwa tukipangusa sufuria kwa kitambaa chenye mafuta na kuita kukaanga. Sasa nilimimina mpaka vitunguu vikaelea, kwa raha tu ya kumimina.

Mama alilitazama bakuli, akalisogeza pembeni. "Sina njaa."

Kesho yake hakuwa na njaa, na keshokutwa vilevile. Lakini ugali alikula, akichovya tonge kwenye chumvi. Chumvi! Na mboga ipo mbele yake inafuka moshi! Nikaacha mnavu, nikaweka mchicha. Nikarudia mnavu, nikatia karanga. Alikula chumvi yake. Watani wetu husema Mpare yuko tayari kuuza ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku, na huyu wangu aliona heri alazwe kuliko kushindwa kesi ya bakuli la mboga. Uso wake ulikuwa umepauka, kupanda ngazi mbili za mlangoni alishika ukuta, na bado anashindana.

Siku moja nikachoka. "Mama, unataka nikupikie nini? Mawe?"

"Nipikie makande."

"Makande si maharage haya haya, na mahindi juu yake?"

"Makande yangu hayana mafuta."

"Na mafuta yamekukosea nini?"

Upepo ulibamiza bati la jikoni. Mama akasema, "Baba yako nilimpikia hivi hivi."

Nilikuwa nimesahau ile chupa. Wakati wa shida tulikuwa na chupa moja ndogo ya mafuta juu ya kabati, na hakuna aliyeruhusiwa kuigusa. Baba alipougua alikula mboga ya kuchemsha kama sisi. Siku aliporudishwa nyumbani kutoka hospitali, mama alivutwa pembeni akaambiwa kwamba hakuna tena la kufanya. Jioni hiyo aliishusha chupa, akamkaangia mnavu na maharage, na kila jioni baada ya hapo. Mafuta hayakuwahi kuisha; baba alitangulia.

"Daktari amekuambia nini pembeni?" mama aliuliza. "Niambie tu, mwanangu. Mimi si mtoto."

Nilitaka kulia, nikapiga kelele. "Ameniambia ule! Hicho tu! Ule!"

Nikaenda jikoni, nikarudi na dumu la mafuta, nikamimina juu ya sahani yangu mwenyewe mpaka ugali ukalowa. "Haya, na mimi nakufa. Jirani naye anakufa, jana nimemwona na dumu kubwa kuliko hili. Mji mzima unakufa, mama! Nenda sokoni ukaone, kila duka lina mafuta!"

Nikala kwa hasira, mafuta yakinichuruzika mpaka kwenye kiwiko. Yalikuwa mengi mno, yalinichefua, lakini ningemeza hata dumu. Mama alinitazama muda mrefu. Kisha akalivuta bakuli, akamega tonge, akalibonyeza katikati kwa kidole gumba, akachota mnavu na maharage, akatia kinywani.

Alitafuna taratibu.

"Huu ni ufujaji," akasema, na kumega tonge la pili.