Mkwe wangu amerudi bila jina

Ndugu na marafiki, leo nimemfukuza mkwe wangu kwa maneno matamu.

Amisi alikuja na pikipiki kutoka Wamaza. Kama mgeni mwenye adabu, alianza na jambo dogo:
"Papa, hii neno ya Kiingereza, get, maana yake ni nini?"

Mniwie radhi. Nilisoma misheni, na siku hizi haniulizi mtu.

Nikaeleza: kupata, kufika, kuelewa. Nikaendelea na ndugu zake: forget, kusahau, hata beget, kuzaa.

"Ndiyo, Papa," akaitikia kila mara. Mkwe hamkatizi baba mkwe.

Mvua ikatanda, akaaga. Hata hali ya mtoto wao mchanga sikuuliza.

Sasa hivi binti yangu amenipigia, analia.
"Papa, ulikatala? Amisi anasema anarudi bila jina."
"Jina gani, mwanangu?"
"Jina ya Mama! Alikuja kukuomba tumupe mutoto."

Feza, marehemu mke wangu. Kwa desturi yetu, bila ruhusa yangu hawawezi kumwita mtoto hivyo.

Nimemwambia binti yangu nimeridhia. Simu ya Amisi haipatikani.

Tafadhali, atakayemwona kwenye barabara ya Wamaza amwambie: mtoto aitwe Feza.

Hilo tu.