Bi Nani na Hodi ya Ng'ambo

Saa moja asubuhi, na mto hauonekani. Unasikika tu huko chini ya ukungu, ukisaga mawe yake. Bi Nani amesimama kibandani mwake ukingoni mwa korongo, mikono miwili kwenye mpini wa gurudumu, sikio karibu na waya wa chuma unaovuka kwenda ng'ambo.

Waya unalia. Ngo, ngo. Kimya. Ngo.

Hazungushi mpini.

"Mjinga wao wakamtafute kwingine," anasema. "Hapa hayupo."

Kazi yake ni kuvusha watu. Kasha la mbao linaning'inia kwenye waya. Anayevuka anaingia, anapakata mzigo wake, na Bi Nani anazungusha gurudumu mpaka kasha lifike. Daraja la magari liko mbali, kule milima inakoishia, na kulifuata ni kushinda njiani.

Mto huu umegawa milima na watu wake. Upande wa jua wana mashamba. Upande wa kivuli, anakoishi Bi Nani, kuna zahanati, shule na baridi. Wa jua huwaita wa kivuli wabahili. Wa kivuli husema wa jua wana maneno mengi kwa kuwa mahindi yao hujiotea yenyewe. Hata hivyo wanaoana, na hapo ndipo wanapochunguzana hasa.

Kwa kelele za mto, kuita ni kuchosha koo bure. Kwa hiyo kila nyumba ina hodi yake. Kwenye nguzo ya ng'ambo kumefungwa kipande cha nondo. Mtu anagonga waya kwa hodi ya nyumba yake, na mlio unafika kibandani. Fundi cherehani ana tatu za haraka. Kwa seremala ni nne, na pumziko katikati. Bibi harusi akivuka kuolewa huacha hodi ya kwao na kupewa ya wakwe.

Gurudumu hili Bi Nani aliachiwa na mama mkwe wake, aliyemwamini kuliko wanawe wa kuwazaa. Shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe, hajalisahau hilo. Kila wiki huja kupaka grisi bila kuombwa.

"Anapaka huku anaupima mpini," Bi Nani ananong'ona, ingawa shemeji amekaa pale pale kwenye debe lake na anasikia. "Mtu hapaki grisi cha mwenzake hivi hivi."

"Basi kitapata kutu," shemeji anajibu, "na kutu nayo utasema nimeileta mimi."

Jina alilopewa Bi Nani na wazazi wake hakuna anayelitumia. "Nani?" ndilo neno la kwanza alilomwambia mwandishi wa makala haya, kisha akaupekua mfuko wa mgeni huyo, akanusa mfuniko wa chupa ya chai na kuuliza kama ametumwa na wale wanaotaka kujenga daraja jipya. Jibu hakuliamini, na mpaka sasa haliamini.

Zamani hakuwa hivi. Mwaka jana, asubuhi ya ukungu kama leo, alisikia hodi ya fundi cherehani. Akapeleka kasha, akalivuta. Wakashuka wanaume wawili asiowajua, wakamwamkia vizuri, wakapanda kijijini. Jioni mbuzi wote wa jirani yake mjane walikuwa hawapo.

"Waliiba hodi kwanza, mbuzi baadaye," anasema. "Na mlango niliwafungulia mimi, kwa mikono hii."

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Tangu siku ile, kukiwa na ukungu havuti mtu mpaka aone uso.

Na hodi ya leo inamtia shaka zaidi, kwa sababu ni ya nyumba yake mwenyewe. Ngo, ngo. Kimya. Ngo.

"Aliyekuwa akiigonga kutoka ng'ambo ni mume wangu, na mume wangu nimemzika," anasema. "Mimi niko hapa. Shemeji yule pale. Sasa nani?"

"Peleka kasha tuone," anasema shemeji.

"Na wewe umejuaje kwamba kuna cha kuona?"

Waya unalia tena, haraka haraka. Kisha unanyamaza kabisa. Bi Nani anatabasamu kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo. "Umeona? Mwenye haja ya kweli hachoki upesi."

Ukungu unapopanda, zinasikika tatu za haraka. Bi Nani anakaza macho: ni fundi cherehani kweli, futi ya kupimia shingoni. Anampelekea kasha na kumvuta.

"Mama, kwani kasha lilikuwa bovu?" fundi anauliza akishuka.

"Nani kasema?"

"Nimepishana na binti yako kule juu kwenye kona, anarudi kwa mumewe. Begi kichwani, mtoto mgongoni, jicho moja limevimba. Nikamwambia, si uvuke kwa mama? Akasema, 'Nimegonga hodi ya nyumbani, mama hakuleta kasha. Jibu nimelipata.'"

Bi Nani anakaa chini, pale pale kwenye grisi.

Kisha anaeleza. Siku ya harusi alimwingiza binti yake kashani mwenyewe, akamwambia mbele ya watu: hodi ya hapa iache hapa, huko una yako, ukigonga hii sikuletei kasha. Watu walicheka na kupiga vigelegele.

"Kila mama husema hivyo," anasema. "Ni maneno ya harusi. Nani huyashika?" Anajifuta macho kwa kiganja chenye grisi. "Watu wote nimewashuku, hata fundi huyu na futi yake. Mkwe wangu tu, yule mwana wa seremala, sikumshuku. Nilimwona mpole."

Mwandishi alikuja na maswali mengi kuhusu kazi ya kuvusha watu. Yote yanabaki mfukoni, maana ni aibu kuyauliza.

Bi Nani anajifunga kanga kiunoni. Anasema atawaleta nyumbani binti yake na mjukuu, na binti atamfundisha gurudumu hili, liwe lake. Njia ya upande wa jua ni mlima mtupu. Mwenye mtoto mgongoni hajafika mbali.

Lakini tangu ashike mpini huu hajawahi kuvuka. Angevutwa na nani?

Anaingia kashani na kushika kingo zake. "Shemeji," anasema, na sauti yake ni ndogo. "Nivushe. Na usizungushe kama unakoroga uji."

Shemeji anaushika mpini. Kasha linaondoka, na kutoka katikati ya korongo bado anasikika: "Mwandishi, mwangalie mikono yake!"

Mikono haikosei kitu. Bi Nani anashuka ng'ambo, anapanda mlima bila kugeuka, anapotea kwenye kona.

Adhuhuri haijafika, ukungu unashuka tena na kufunika kila kitu. Shemeji hajauacha mpini hata kunywa maji.

Kisha waya unalia. Ngo, ngo. Kimya. Ngo.

Shemeji anamtazama mwandishi. Amri ya kibanda anaijua: kwenye ukungu, uso kwanza. Haulizi nani. Anavuta, mzunguko wa kwanza, wa pili, mishipa ya shingo inamtoka.

"Kasha ni zito," anasema, na anaendelea kuzungusha.