Yeye wa Ndani ya Geti

Nyie wajukuu mtakaosoma haya, mie shule niliiacha darasa la pili. Kiingereza kidogo nilichonacho nilikipata kwa kufungiwa ndani.

Nilipoteleza bafuni nikaumia mguu, mwanangu na mkewe wakaanza kufunga geti wakienda kazini, ufunguo wanaondoka nao. Nyumba ni yangu, hapa Keko, nilijenga na marehemu mume wangu. Wakasema ni mpaka mguu upone. Mguu ukapona, kufuli likabaki pale pale.

Siku aliyofariki jirani yangu wa ng'ambo ya barabara, nilisikia vilio, nikaona turubai linafungwa, nami nimeshika nondo za geti. Wanawake wakapita na masufuria.

"Mwenzetu, huji?"

"Tangulieni," nikajibu.

Jioni nikalisema jambo hilo mezani. Wakatazamana, wakahamia Kiingereza, kama kawaida yao. Kuna neno moja, "she", likitoka tu, macho yananipitia. Sasa mie mume wangu sikumtaja jina mpaka anazikwa. Kwetu mke hataji. Nilisema "yeye", na hata muuza mkaa alijua ni nani. Mtu akifichwa ndani ya neno, mie namwona.

Kesho yake, waliporudi wote, mjukuu wangu alikuwa anakariri viwakilishi vya Kiingereza, ana mtihani. Nikamwambia anisomee.

"Vipo vya watu, bibi. Vya kumiliki. Vya kuonyesha..."

"Vya kumiliki ruka, nyumba yangu naijua. 'She' ni nani?"

"Yeye wa kike. Yule anayesemwa. Ukiongea naye mwenyewe ni 'you'."

"Na kama amekaa hapo hapo, anakula nao?"

Akacheka. "Bibi nawe! Kama hawaongei naye, ni 'she' tu."

Sikucheka.

Mezani wakaanza tena, "she" hivi, "she" vile. Nikaweka kijiko chini.

"Huyo 'she' yuko hapa. Semeni naye."

Mkwe wangu akapaliwa na chai. Mwanangu akainama. "Mama, tunaogopa. Ukianguka tena, nani atakuokota?"

"Nikianguka msibani, mtaa mzima utaniokota. Nikianguka humu mmenifungia, ataniokota nani?"

Nikaelekeza kidole chumbani kwangu.

"Ufunguo utundikwe kwenye msumari wa mlango wangu, leo hii. Na kesho asubuhi, kabla ya kazi, mnipeleke wote wawili kwa wafiwa, mkaseme wenyewe kwa nini sikufika."