Nyumba ya Kumi na Moja

Fundi alifungua ubavu wa kompyuta yangu pale dukani Biharamulo, ninapochapia watu barua, akacheka. Nilikuwa nimenunua ramu, vile vijiti vya kumbukumbu, mbili za giga nne nne, nikazichomeka mwenyewe kwa ubishi wangu, nikitegemea mashine itakimbia. Kioo kilionyesha giga tatu na ushee.

"Mama, mfumo huu mwisho wake ni giga nne, na hata hizo hauzioni zote," alisema. "Ile mifumo ya kwanza kwanza programu zake ziliishia kilobaiti mia sita na arobaini. Huu mpya niliokuja nao unaona hata giga mia."

"Na hizi zilizozidi zinafanya nini humo ndani?"

"Zipo tu. Gusa, zina joto. Ila mfumo haujui kama zipo."

Nikagusa. Zilikuwa na joto kweli. Nilikulia katika nyumba ya namna hiyo.

Tulipohamishiwa kijiji cha ujamaa, nyumba zilipangwa kwa mistari, kumi kumi, kila kumi na balozi wake wa kuziongoza. Mstari wetu ulitoka na nyumba kumi na moja. Ya mwisho, kule porini kabisa, ilikuwa yetu. Karatasi ya balozi ilikuwa na nafasi kumi. "Subirini zifike tisa nyingine, mtapata balozi wenu," alimwambia baba. Hazikufika. Kwenye mikutano aliita majina kumi, kisha baba akaitika "Nipo!" bila kuitwa, na hakuna aliyegeuza shingo. Kaka yangu alikuwa akicheka: afadhali, shamba la kijiji hatutaitwa. Mimi niliogopa. Shangazi alipotoka Ngara kuja kututembelea, aliambiwa mstari unaishia nyumba ya kumi. Akarudi kwao, na moshi wa jiko letu ulikuwa ukionekana pale pale aliposimama.

Vita vilipoanza, kila balozi alitakiwa kutoa kijana mmoja. Zamu ikaangukia nyumba ya kumi, na kijana wao alikuwa hoi kwa homa. Baba yake akaja kwetu kuomba, mara ya kwanza kukanyaga mlango wetu. Kaka akakubali kwenda, akaitika kwa jina la yule kijana. "Wiki chache tu, mama," alisema, akavaa shati lake la pekee lenye vifungo vyote.

Orodha ya wasiorudi ilisomwa kwenye uwanja wa shule, saa nne asubuhi, jua likiwaka. Likatajwa jina la kijana wa jirani. Mwenyewe alikuwa kasimama kando yangu, jembe begani, anahema. Watu wakamtazama, kisha wakasogea kidogo kidogo mpaka tukabaki mimi na yeye. Mama akapiga kelele, "Huyo aliyesomwa ni wangu!"

Balozi aliangalia karatasi yake. "Mama, wewe hukuwa na mtu huko," akamjibu kwa upole.

Hakuna aliyekuja kutupa pole. Nilimchukia balozi yule, na bado namchukia, ingawa hakuwa mtu mbaya.

Fundi alimaliza kuweka mfumo mpya. Mama yangu, ambaye siku hizi hushinda nami dukani, alikuwa kwenye kiti chake pale kona. Kumbe alikuwa akisikiliza kila neno.

"Sasa inaona zote?" aliuliza.

"Zote nane, bibi. Hakuna iliyobaki nje."

"Basi iambie iite majina upya."

Fundi akanitazama. Nilifungua ukurasa mtupu, nikaandika jina la kaka yangu, nikalisoma kwa sauti. Mama hakuniangalia. Aligeukia mlangoni, akasubiri kuitikiwa.